Kikundi cha Tabora kinaweza kuwekeza vipi katika umeme wa upepo wa Singida?

Mwuliza swali, Tabora Mjini

Ndugu zangu, habari za kazi. Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha uwekezaji hapa Tabora, chenye wakulima wa tumbaku, wafanyabiashara wa asali na watumishi wachache wa umma, ambacho kwa miaka kadhaa kimekuwa kikinunua viwanja na kupangisha magodauni. Safari hii wanachama wengi wanataka tuingie katika nishati, na macho yetu yameelekea kwa majirani zetu wa Singida, kwa sababu kila anayevuka mbuga ya Wembere akitokea Igunga na kupanda mlima Sekenke anajua upepo wa upande ule ulivyo. Fedha tulizonazo hazizidi shilingi milioni 300.

Hivi karibuni tumefuatwa na mtu anayesema kwamba kampuni anayoiwakilisha itajenga mitambo ya kufua umeme kwa upepo mkoani Singida, na kwamba wanaotoa fedha sasa watapata hisa za awali kwa bei nafuu kabla leseni haijatoka. Simtuhumu kwa lolote, lakini nami ndiye mweka hazina, na sitaki kuidhinisha jambo nisilolielewa. Naomba kufahamishwa fursa za kweli katika sekta hii nchini ziko wapi hasa, kama kikundi cha ukubwa wetu kina mlango wa kuingilia, na kama ni lazima twende Singida au hata huku kwetu Tabora na Kigoma upepo unaweza kutoa umeme wa kuuza. Majibu yenu nitayasoma mbele ya mkutano wa wanachama, kwa hiyo nitashukuru sana mkiweka hoja pamoja na takwimu.

Jibu la mhandisi wa umeme, Tabora

Ndugu mweka hazina, nimefanya kazi za vipimo na za njia za umeme katika kanda hii, hivyo niruhusu nianze na upepo wenyewe, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotea.

Nguvu iliyomo katika upepo haiongezeki sambamba na kasi yake, bali huongezeka kwa mchemraba wa kasi hiyo, yaani kasi mara kasi mara kasi. Upepo wa mita 8 kwa sekunde una nguvu zaidi ya mara nne ya upepo wa mita 5 kwa sekunde, ingawa mtu aliyesimama kandokando ya barabara ataiona tofauti hiyo kuwa ndogo. Hesabu hiyo hiyo huumiza ikigeuka: kasi halisi ikiwa pungufu kwa asilimia 10 tu kuliko mlivyokadiria, nguvu iliyomo katika upepo hupungua kwa asilimia 27, ilhali rejesho la mkopo wa benki linabaki palepale. Ndiyo sababu hakuna benki makini itakayotoa mkopo mkubwa bila kuona vipimo vya angalau mwaka mzima, vilivyochukuliwa kwa mlingoti uliosimikwa mahali penyewe, katika kimo kinachokaribia kile cha mtambo utakaojengwa. Upepo unaoyumbisha lori pale Sekenke ni dalili nzuri, lakini hauwezi kuwekwa rehani.

Maeneo ya Kititimo mkoani Singida na Makambako mkoani Njombe yalipimwa zamani na yakaonekana kuwa na wastani wa kasi unaozidi mita 7 kwa sekunde, ambao unatosha kwa biashara ya umeme. Tabora ni habari nyingine. Uwanda wetu umefunikwa na miombo, hauna kingo za milima za kuubana na kuuharakisha upepo, na miti yenyewe huupunguza kasi. Ipo ramani ya bure mtandaoni iitwayo Global Wind Atlas, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark kwa ushirikiano na Benki ya Dunia. Ifungueni siku ya mkutano, muiangalie Singida, kisha muiangalie Tabora, na hilo swali lenu la mwisho litakuwa limejibiwa mbele ya macho ya wanachama wote.

Jambo la pili ni njia ya kusafirisha umeme. Hapa Singida ina bahati ambayo haizungumzwi vya kutosha. Njia kuu ya kilovoti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga inapita Singida, na ni kutoka Singida hiyo hiyo inakoanza njia ya kilovoti 400 inayokwenda Namanga hadi Isinya nchini Kenya. Mitambo ya upepo ikijengwa karibu na kituo kikubwa cha kupoza umeme kama hicho, gharama ya kuiunganisha na gridi hupungua sana, na soko lake halibaki la ndani peke yake. Wakenya walilijua hili kwa gharama kubwa. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, yenye jumla ya megawati 310, ilikamilika kusimikwa mwaka 2017, lakini njia yake yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikuwa haijakwisha, na umeme haukuingia kwenye gridi hadi Septemba 2018. Katika kipindi hicho upepo ulivuma na mitambo ikasimama, huku Serikali yao ikiwa imefungwa na mkataba uliotaka mwekezaji alipwe kwa ucheleweshaji ule.

Hapo naingia kwenye jambo la tatu, ambalo ni mkataba wa kuuziana umeme. Kwa mradi mkubwa nchini kwetu mnunuzi ni TANESCO. Mradi usio na mkataba wa muda mrefu, kwa kawaida wa miaka 20 au zaidi, hauna mapato ya kumwonesha mkopeshaji, hata upepo wake ungekuwa bora kuliko wote Afrika. Mradi wa megawati 100 uliotangazwa Singida zaidi ya miaka 10 iliyopita haujasimamisha mtambo hata mmoja, na upepo wa Singida haukupungua katika miaka yote hiyo.

Kuhusu fedha, Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu lilikadiria kuwa mwaka 2023 wastani wa dunia wa kujenga mitambo ya upepo ya nchi kavu ulikuwa dola 1,160 kwa kila kilowati. Kwa wastani huo, mradi wa megawati 50 unahitaji takriban dola milioni 58, na kwetu gharama huweza kupanda kwa sababu ya bei ya mikopo, usafirishaji wa mapanga marefu kutoka bandarini na uhaba wa winchi kubwa. Tukichukua mgawanyo uliozoeleka wa asilimia 70 mkopo na asilimia 30 mtaji wa wenye mradi, mtaji huo ni zaidi ya dola milioni 17. Milioni zenu 300 hazifiki asilimia 1 ya mtaji huo. Siwavunji moyo, ila nataka mjue mtakuwa na sauti kiasi gani katika kikao cha wanahisa.

Msidhani hata hivyo kwamba hakuna kilichofanyika nchini. Mufindi mkoani Iringa ipo mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4, iliyoanza kazi mwaka 2020 na ya kwanza ya kibiashara nchini. Aliyeijenga tayari alikuwa na kituo cha maji cha Mwenga chenye megawati 4 na wateja wa vijijini wanaolipa. Alianza na wateja na nyaya, upepo ukaja baadaye kuziba upungufu wa maji wakati wa kiangazi. Huo ndio mfano ningependa Watanzania wenye mitaji ya kati wausome kwa makini zaidi kuliko miradi ya mamia ya megawati.

Jibu la mfanyabiashara wa dagaa, Kigoma

Nawasalimu kutoka Kigoma. Nakubaliana na mhandisi kuhusu vipimo, lakini naomba nitofautiane naye kidogo kuhusu mahali pa kuweka fedha.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upepo tunaujua kwa sababu ndio unaotukaushia dagaa na ndio unaotuzuia kwenda ziwani. Usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka, na kati ya Mei na Agosti kusi huvuma kwa nguvu zaidi. Ni upepo wa kubadilika mara mbili kwa siku, na katikati ya mabadiliko hayo kuna saa za utulivu kabisa. Siwezi kumshauri mtu ajenge juu yake biashara ya umeme. Isitoshe, mkoa wetu ulioteseka kwa jenereta za dizeli miaka mingi sasa umefikiwa na Gridi ya Taifa, na katika mto Malagarasi, eneo la Igamba, unatekelezwa mradi wa maji wa megawati 49.5. Anayetaka kushindana na maji hayo kwa upepo wa Kigoma atakuwa anajitafutia hasara.

Kuna jambo jingine la kujiuliza kabla hata ya kufika Singida. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na lina uwezo wa megawati 2,115. Je, mnunuzi wa umeme bado ana haraka ya kusaini mikataba mipya ya upepo kwa bei itakayomridhisha mwekezaji? Mimi sina hakika, na fedha yangu haiendi mahali ambapo sina hakika.

Kwa mtaji wa milioni 300 ningetazama hatifungani, yaani mkopo ambao wawekezaji huipa taasisi kwa riba. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikilenga kukusanya shilingi bilioni 53.12, na sasa inauzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Benki ya CRDB ilifanya hivyo mwaka 2023 kwa hatifungani yake ya miaka 5 yenye riba ya asilimia 10.25. Hizo si za upepo, nakiri, lakini zinaonesha njia: siku mradi wa upepo utakapokuja sokoni kwa utaratibu huo, ukiwa na waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi kwa wawekezaji, ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kikundi cha Tabora kitaweza kuingia kama mtu mwingine yeyote na kutoka kinapotaka. Anayetaka upepo leo anaweza pia kutazama Soko la Hisa la Nairobi, ambako KenGen, kampuni ya Kenya ya kufua umeme, imeorodheshwa tangu 2006. Ndani yake mna mitambo ya upepo ya Ngong yenye megawati 25.5, pamoja na jotoardhi na maji.

Jibu la mwalimu wa jiografia, Urambo

Naomba nimjibu ndugu yangu wa Kigoma kuhusu bwawa, kwa ufupi. Uwezo wa mitambo na maji yaliyomo bwawani ni vitu viwili tofauti. Sote tunakumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2022 na mwishoni mwa 2023, ambao chanzo chake kimojawapo kilikuwa upungufu wa maji katika mabwawa. Pepo za kusini-mashariki hupata nguvu katikati ya mwaka na kuendelea hadi mvua zinapokaribia, yaani katika miezi ile ile ambayo mito yetu inashuka. Kila uniti ya upepo inayoingia kwenye gridi mwezi Septemba ni maji yanayobaki bwawani kwa ajili ya Novemba. Kwa sababu hiyo bwawa kubwa halifuti haja ya upepo. Linafanya iwe rahisi kuutumia upepo huo, kwa kuwa mitambo ya maji huweza kupunguzwa upepo unapovuma na kuongezwa unapotulia. Sisemi kwamba mikataba itasainiwa kesho. Nasema kwamba anayeamini bwawa limefunga mlango huo hajaitazama kalenda ya mvua zetu.

Jibu la afisa ardhi mstaafu, Igunga

Wanangu, nimesoma yote na nimeona neno moja katika swali ambalo wengine wamelipita: kikundi hiki kimezoea kununua viwanja. Nina hofu kwamba baada ya kuambiwa kuwa mtaji wao hautoshi kujenga mitambo, watafikiri kwenda kununua mashamba ya watu vilimani Singida ili wangojee fidia. Nawasihi wasifanye hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Sehemu kubwa ya ardhi inayofaa kwa upepo ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji huisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na maamuzi ya kuigawa hupitishwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Ununuzi unaofanywa kwa makaratasi ya mwenyekiti na mashahidi wawili chini ya mti hauwezi kusimama siku mwekezaji atakapoleta wanasheria wake. Mradi mkubwa utahitaji ardhi hiyo ihamishwe kuwa ardhi ya jumla kwa utaratibu wa kisheria, pamoja na tathmini na fidia, na mwekezaji wa kigeni naye hupewa tu haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya uwekezaji. Katika hatua zote hizo, anayetambuliwa kwanza ni yule anayelima na kuishi pale.

Tena ardhi ndiyo iliyoangusha miradi mikubwa zaidi ya hii tunayoizungumzia. Kule Kinangop nchini Kenya mradi wa megawati 60 uliachwa mwaka 2016 baada ya wananchi kuupinga kwa sababu ya ardhi na fidia, ingawa fedha zilikuwa zimepatikana. Mradi wa Turkana wenyewe, pamoja na mafanikio yake, ulipelekwa mahakamani, na mwezi Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ekari 150,000 hazikupatikana kwa kufuata utaratibu. Mitambo ilikuwa inazunguka, umeme unauzwa, na hati zina kasoro. Mwekezaji anayejua habari hizi atakagua ardhi kwa jicho kali kuliko anavyokagua upepo.

Hapa sasa ndipo ninapoiona fursa ambayo ni ya heshima. Mitambo ya upepo haichukui ardhi yote: msingi wa kila mtambo, barabara ya kuufikia na njia za nyaya huchukua sehemu ndogo, na kati ya mtambo mmoja na mwingine watu huendelea kulima alizeti na kuchunga ng'ombe. Kijiji chenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, mipaka iliyopimwa na hati za haki miliki za kimila kinaweza kukaa mezani na mwekezaji na kudai kodi ya kila mwaka kwa kila mtambo, badala ya fidia ya mara moja inayokwisha kabla ya mavuno yanayofuata. Vijiji vingi havina fedha za kulipia upimaji huo. Kikundi chenye mtaji kinaweza kuingia ubia wa wazi na kijiji, kikagharamia upimaji na hata mlingoti wa vipimo, kwa makubaliano yaliyopitishwa na mkutano mkuu kwamba sehemu fulani ya kodi itakirudia kwa miaka fulani. Ni uwekezaji wa subira ndefu, na unaweza usilete kitu mwekezaji asipopatikana, hivyo usiwekwe zaidi ya kile mnachoweza kukikosa. Lakini mkienda kwa njia hiyo, mwenye ardhi atabaki kuwa mwenye ardhi.

Mwuliza swali

Shikamoo mzee wetu wa Igunga, na nyote nawashukuru kwa dhati. Nakiri kwamba hilo la kununua mashamba lilikwisha kutajwa katika kikao chetu, na nimefarijika kupata hoja za kulizuia.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza, nimwambie nini huyu mtu wa hisa za awali, ambaye ametupa hadi mwisho wa mwezi? La pili, mfanyabiashara wa Kigoma amenifanya nifikirie magodauni yetu hapa mjini: kama upepo wa Tabora haufai, je, jua juu ya mapaa hayo linaweza kuwa mwanzo wetu katika sekta hii wakati tukisubiri mradi wa upepo ulio tayari?

Mhandisi wa umeme, Tabora

Kwa huyo mtu, mwombe kwa maandishi cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na majina ya wakurugenzi. Ripoti ya vipimo vya upepo yenye tarehe, kimo cha mlingoti na jina la aliyeviandaa. Hali ya maombi ya leseni EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ambako unaweza kuuliza mwenyewe. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMC, baraza la mazingira, au hatua iliyofikiwa. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji husika. Na barua yoyote kutoka TANESCO kuhusu kuunganishwa na gridi au kuuziana umeme. Mradi wa mwanzo unaweza kukosa baadhi ya hivyo kwa haki kabisa, ila hauwezi kukosa vyote na bado uuze hisa kwa watu wengi. Kama hisa hizo zinatangazwa kwa umma, uliza pia kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Na kama ndani ya kikundi chenu kuna fedha za SACCOS au chama cha msingi, msiziguse kabla ya kuzungumza na mrajisi wa ushirika. Muda wa mwisho aliowawekea haumfungi mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa mradi wa namna hii huchukua miaka, na hakuna hatua yake halali inayoamuliwa na mwisho wa mwezi huu.

Kuhusu mapaa, jibu langu ni ndiyo, na Tabora ina jua la kutosha. Majirani zetu wa Kishapu mkoani Shinyanga wanajengewa mradi wa jua wa megawati 150. Zipo kanuni za mwaka 2018 zinazomruhusu mteja mwenye mitambo yake isiyozidi megawati 1 kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa uniti hizo katika matumizi yake. Msitegemee kulipwa fedha taslimu. Faida yenu itatokana na bili mtakayoacha kuilipa. Kwa hiyo kusanyeni kwanza matumizi ya umeme ya kila godauni kwa miezi 12, mtenganishe ya mchana na ya usiku kadiri inavyowezekana, na mjue mpangaji yupi ana mashine za kusindika asali na yupi anahifadhi tumbaku tu. Godauni lisilotumia umeme mchana halihitaji paneli. Nikiviona vielelezo hivyo nitawasaidia kukadiria ukubwa wa mitambo bila malipo.